Yah: Sili ya Gari Uliloniuzia na Kuondoka kwa Dada Yako

Shemeji yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoacha kuinamia magari? Watoto wazima? Na huyo mgeni wako aliyewasili Jumanne na masanduku mawili, ambaye ni mke wangu, anakula vizuri? Huku kwetu sote hatujambo, yaani mimi na gari.

Naandika kwa heshima zote kulalamika. Malalamiko nimeyapa namba, kwa sababu mtu mwenye hasira asipoweka namba huishia kutukana, na mimi ni mzee wa kanisa.

1. Gari lenyewe. Uliponiuzia lile gari jekundu la spoti, lenye milango miwili na kiti cha nyuma kinachotosha mkoba tu, nilikuuliza lile doa jeusi chini ya injini ni la nini. Ukanishika bega, ukasema, "Shemeji, hilo ni jasho tu. Si unaona lina nguvu?" Shemeji, mimi nimelima na nimebeba matofali, jasho nalijua. Jasho hukauka. Oili ya gari lako haikauki. Nikilitandikia boksi, asubuhi boksi ni jeusi tii, na ukilinyanyua linakuchuruzikia mpaka kwenye kiwiko.

2. Vyombo. Maboksi yalipokwisha nilichukua sinia moja la dada yako, lile lililopinda. Halafu beseni la kufulia. Halafu trei ya kuokea keki. Nakiri sikuomba ruhusa, lakini kila kimoja nilikirudisha kimeoshwa kwa sabuni. Dada yako anadai keki ya ubatizo wa mjukuu wetu ilinuka gereji. Mbona wageni waliisifu? Mmoja hata aliuliza kama imetiwa kahawa.

3. Kanisani. Uwanja wetu una mteremko, unaujua. Jumapili ya kwanza niliegesha gari juu ili waumini walione, Mungu anisamehe. Wakati wa mahubiri oili ikateremka polepole, ikaingia mlangoni. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa amechelewa, akaikanyaga pale, akateleza, na hakusimama mpaka mbele ya madhabahu, mikono yote miwili juu. Mchungaji ndiyo kwanza alikuwa ameita wenye kutubu. Watu walilia, shemeji! Saba wakamfuata. Sasa mchungaji ananisihi niegeshe palepale kila Jumapili, na dhamiri inanitafuna, maana sijui wale saba waliguswa na Roho au na gari lako.

4. Sili. Hapa ndipo penye kidonda, nakuomba usome taratibu.

Jumatatu fundi alikuja nyumbani, akajilaza chini ya gari. Dada yako, kwa ukarimu wake unaoujua, akamtolea sahani ya nyama. Wakati anafika mlangoni, fundi alikuwa amechomoa sili ya nyuma, yaani ule mpira wa mviringo unaoizuia oili isitoke kwenye injini, akanipa mkononi. Nikamuuliza, "Haya fundi, shida ni nini?" Akajibu kutoka huko chini, "Sili, mzee. Imeoza hii. Tupa."

Lugha yetu ni tamu, shemeji, lakini ina mitego. Dada yako hajapata kusikia kwamba duniani kuna mpira unaoitwa sili. Alichosikia yeye ni mtu anayekataa kula nyama yake, tena anasema imeoza, itupwe. Nami, nikiugeuzageuza ule mpira, nikasema habari za gari: "Vitu vya kwa shemeji ndivyo vilivyo, fundi. Nje vinang'aa, ndani vinavuja. Mimi navumilia tu."

Naye, kama unavyokumbuka, katoka kwako. Wewe ndiye uliyemshika mkono siku ya harusi ukanikabidhi.

Sahani ilitua juu ya boneti. Kesho yake masanduku yakatoka.

5. Hali yangu ya sasa. Shati la Jumapili nimelifunga kwa pini. Nikimaliza sala ya jioni hakuna wa kuitikia amina, inabidi niitikie mwenyewe kwa sauti nyembamba. Nilimwomba fundi ampigie dada yako simu amweleze. Fundi akaanza kwa adabu zote, "Mama, shikamoo, nilikuwa nataka tuongee ile habari ya sili..." Simu ikakatwa. Amejaribu tena mara mbili, na kila akifika kwenye hilo neno inakatwa.

Ukipima kwa haki, basi, utaona chanzo ni wewe. Gari limetoka kwako. Mke ametoka kwako na amerudi kwako. Sili mpya ya gari la namna hiyo, fundi anasema, haipatikani ila kwenye kabati lako la vipuri. Umeshika kila kitu, mimi nimebakiwa na beseni. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ama uniletee sili na dada yako kwa safari moja, ama ulichukue gari lako kisha uje mwenyewe kukaa hapa uwe unaniitikia amina. Tena uwaandikie wale watu saba, kila mmoja barua yake, uwathibitishie kwamba wokovu wao hauna uhusiano wowote na injini.

Nisalimie mkeo, watoto, yule jirani yako anayefuga kuku, na huyo mgeni. Mgeni umwambie kosa ni la mpira, ni la fundi, ni la lugha, na ni lako. Langu halimo.

Wako katika imani,
Shemeji yako,
mume wa dada yako mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba, nimeifungua tena, maana nimepiga magoti na sala imekataa kutoka. Shemeji, nilimwona. Fundi aliposema "sili" niligeuka, nikamwona dada yako mlangoni na sahani yake, uso unambadilika, na nikajua amesikia nini. Ningemwonyesha ule mpira tu, yangeisha. Yale ya vitu vya kwa shemeji niliyasema nikiwa nimekwisha kumwona, kwa sababu nilitaka fundi acheke. Fundi hakucheka. Alichomoza kichwa chini ya gari akaniambia, "Mzee, hapo umejimaliza."

Msomee kipande hiki peke yake, ya huko juu yaache. Gari utalichukua ukipenda. Nijibu upesi, tafadhali, uniambie kama nije.