Meli Yangu ya Alhamisi

Jumatatu, 13 Oktoba. Mvua tangu alfajiri, nyembamba, ya kuudhi. Milima haionekani.

Mchele umekwisha kisiwa kizima cha Pohnpei. Si kwamba umepungua, kama tulivyokuwa tukiambiana barazani wiki iliyopita. Umekwisha! Duka kubwa la hapa mjini Kolonia limebaki na betri, sabuni na mishumaa. Umeme unakuja kidogo asubuhi, kidogo jioni. Msimu wa shelisheli umepita. Chifu mkuu hajapelekewa viazi vikuu vya mwaka huu, na kabla ya hapo hakuna anayethubutu kuchimba vyake. Usiku wa jana vijana walivunja vioo vya duka moja karibu na bandari. Leo polisi wamesimama mlangoni pake wakilinda mishumaa.

Wawakilishi tumepewa nafasi ya kuzungumza na watu wetu redioni kila jioni mpaka hali itulie. Mimi na Seneta Ioanis tunawakilisha upande uleule wa kusini, kwa hiyo tulifuatana. Akatangulia yeye. Alisema meli ya mchele haijafika, itafika lini hajui, akijua atasema. Kisha akavaa kofia yake akaondoka! Mtangazaji akamsindikiza mpaka mlangoni akimshukuru kwa ukweli. Ukweli gani? Hata paka wangu hajui meli itafika lini, na hakuna anayemshukuru.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Karani mmoja wa bandarini alikuwa amenidokeza kwamba meli imeshaondoka kisiwa cha Guam. Nikachukua rula na ramani, nikapiga hesabu, nikawatangazia watu: Alhamisi asubuhi, mchele bandarini, na wa kusini wakiwahi watakuwa wa kwanza. Nilisema "bila shaka." Halafu nikalirudia. Sauti yangu ilitoka vizuri sana.

Jumanne, 14 Oktoba. Mawingu mazito, joto, hakuna upepo.

Kaka Dahker amepiga simu. Si kawaida yake. Sisi kaka na dada tukishakuwa watu wazima tunaheshimiana kwa maneno machache, na Dahker hata hayo machache huyabania. Yeye ndiye mkuu wa kijiji chetu, Pahnkiri. Akisema tunakwenda, watu wanakwenda. Akisema subirini, wanakaa chini.

Aliuliza jambo moja tu. Hiyo Alhamisi ni ya kweli?

Ningeweza kusema "nadhani." Neno fupi. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikamwambia ni ya kweli kabisa. Akasema basi atawaambia watu kwamba ni neno la dada yake.

Mchana Ioanis alinisimamisha kwenye ukumbi wa Baraza. Akauliza kwa upole, kama anayeuliza habari za mgonjwa, kama meli siku hizi haipitii tena visiwa vya Chuuk kushusha mizigo kwanza. Nikamwambia wivu utamuua. Nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikafungua ramani.

Inapitia Chuuk. Siku zote inapitia Chuuk! Kila mtoto wa kisiwa hiki anajua, na mimi pia nilijua. Rula yangu ilinyooka tu, ikapita juu yake.

Niliamua kusahihisha jioni. Nilikusudia hasa. Lakini mtangazaji akanikaribisha kama "seneta aliyetuletea habari njema," na mafundi nyuma ya kioo wakapiga makofi. Mtu anasahihishaje baada ya hapo? Nikazungumzia kuchemsha maji ya kunywa.

Alhamisi, 16 Oktoba. Mvua kubwa. Imepiga mabati mpaka redio haisikiki.

Meli haikuja.

Magari ya kusini yalifika kabla ya kupambazuka, kwa mafuta ya mwisho yaliyokuwa yamebaki kijijini. Niliyaona kutoka dirisha la ofisi yangu. Kaka Dahker alikuwa mbele, amevaa shati lake la kanisani, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Watu wakashuka na magunia matupu vichwani kujikinga na mvua. Wakaitazama bahari. Nayo ilikuwa bahari tu.

Nilikusudia kushuka. Nilichukua mwavuli, nikafika ngazini. Nikarudi nikauweka mahali pake.

Wifi yangu Klarihna, mke wa Dahker, amenisimulia kwa simu yaliyofuata. Mpaka adhuhuri watu walikuwa wavumilivu. Baada ya hapo utani ukaanza. Mmoja akauliza, "Mzee Dahker, huu mchele wa dada yako tuupike na samaki au tuule hivihivi?" Mwingine akajibu, "Mwacheni mzee, dada yake anakuja nao kichwani, anaogelea." Wakacheka wote. Dahker hakucheka wala hakumkaripia mtu. Jioni mafuta hayakutosha kuwarudisha, wengi wakatembea na mvua. Yeye akatembea nyuma kabisa.

Nikamwambia wifi kosa ni la karani wa bandari. Akasema, "Haya, mama." Akakata simu.

Ijumaa, 17 Oktoba. Manyunyu. Baridi, kwa viwango vyetu.

Vijana wa Pahnkiri wameangusha mti wakaulaza barabarani. Gari lolote la serikali likikaribia linapigwa mawe. Mkuu wa polisi akamwomba Dahker akaseme nao, kama alivyofanya katika kila ugomvi tangu nikiwa msichana. Akaenda. Wifi anasema hawakumtukana. Walisimama, wakamwamkia, wakamwambia kwa adabu zote, "Mzee, kapumzike nyumbani. Wewe na dada yako mmeshasema vya kutosha."

Afadhali wangemtupia jiwe.

Amerudi nyumbani na hajatoka tena. Nilipopiga simu wifi alisema amelala. Saa nne asubuhi! Dahker, ambaye hata akiwa na homa huketi mlangoni akisuka kamba.

Na Ioanis? Amekwenda na vikapu vya ndizi zilizopikwa, akaketi juu ya ule mti pamoja na vijana, akala nao. Hakuhutubia. Kufikia alasiri walikuwa wamekwishausogeza nusu, pikipiki zikapita. Nusu tu. Nilifurahi kwamba ni nusu tu, kisha nikaona haya kwa kufurahi, kisha nikafurahi tena kidogo.

Jumamosi, 18 Oktoba. Mvua asubuhi, mchana ikakatika.

Nina mpango.

Nitampelekea kaka sakau ya msamaha, mmea wa kinywaji chetu cha heshima. Kwetu hakuna kosa ambalo sakau haiwezi kulimaliza. Mkosaji anauleta mmea mzima, na mizizi na majani yake, mpaka nyumbani kwa aliyekosewa. Mizizi inapondwa palepale juu ya jiwe, inakamuliwa, na kikombe cha kwanza anapewa yeye. Akinywa, yamekwisha. Hakuna wa kuyafufua.

Tatizo ni moja. Aliyekosewa anaweza asitoke ndani. Namjua Dahker. Anaweza kutuacha uani na sakau yetu mpaka majani yanyauke. Lakini kesho baada ya kanisa chifu mkuu anakwenda Pahnkiri kwa ajili ya mti wa barabarani, naye atakaa katika nyumba ya mikutano ya Dahker mwenyewe. Mbele ya chifu, nani atakiacha kikombe? Hawezi kukataa! Nilizunguka meza kwa furaha.

Nimemwomba fundi wa redio aje na kinasa sauti. Si kwa ajili ya kujionyesha. Watu wa kusini wana haki ya kujua mwakilishi wao anatengeneza mambo.

Mimi mwenyewe sina sakau. Hapa Kolonia nina vyungu vya maua. Nikampigia binamu Welter achimbe moja kwenye shamba la ukoo, iliyo kubwa kuliko zote. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia bila shaka.

Jumapili, 19 Oktoba. Anga safi! Mara ya kwanza wiki nzima.

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa mkono hautaki.

Welter na shemeji yake waliubeba mmea kwenye ufito mabegani, mkubwa kweli, majani yakiburutwa chini. Mimi nyuma yao, nimeinamisha kichwa. Tulipoingia uani wanawake walishika midomo. Nikadhani wameguswa. Chifu alikuwa ameketi mahali pake. Dahker pembeni yake, amekonda kwa siku hizi chache. Aliitazama sakau. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama mmea. Halafu akanitazama mimi, kidogo tu, akashusha macho.

Wakaponda. Mawe yakalia. Kikombe kikapelekwa kwake. Alikipokea kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa mpaka chini. Chifu akasema yamekwisha, sasa mti uondolewe barabarani. Nililia. Machozi ya kweli, na fundi alisogeza kinasa sauti vizuri.

Nilipokuwa natoka wifi Klarihna alinivuta nyuma ya jiko. Akaniuliza kama najua tulichochimba.

Nikasema sakau ya ukoo.

"Ya ukoo, eh? Hiyo ilikuwa pale kwa mama, wifi. Kaburini. Dahker aliipanda wiki tuliyomzika. Hajawahi kukata hata tawi."

Nikamgeukia Welter. Alikuwa anafuta udongo miguuni. Alijitetea kwamba nilisema kubwa kuliko zote, na hiyo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, na aliniuliza kama nina hakika.

Kwa hiyo kaka yangu amenisamehe kwa sakau yake mwenyewe. Ameinywa ya mama yetu, mbele ya watu, kwa sababu nilipanga asiweze kukataa.

Wifi hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Alisema, "Alikuwa anakungoja tu. Tangu Ijumaa. Gari likipita anainua kichwa. Ungekuja ukakaa naye hata mikono mitupu, yangekwisha palepale." Kisha akanifungia samaki wa kuokwa kwenye jani la ndizi, kwa sababu ndivyo alivyo, nami nikampokea, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 20 Oktoba. Jua. Upepo mwanana.

Meli imefika. Hakuna aliyeitangaza. Watu wameamka wameikuta.

Jioni Ioanis alisema redioni, "Meli imefika," akavaa kofia yake. Mimi nikaweka sauti za Jumapili: mawe yakilia, chifu akisema yamekwisha, na mimi nikilia. Simu zimemiminika. Mwanamke mmoja wa wilaya ya Nett amesema hajawahi kusikia seneta mnyenyekevu namna hii. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia asante, mama.

Kutoka Pahnkiri hakuna aliyepiga.

Welter ndiye aliyechukua gunia la Dahker bandarini. Anasema chifu amemtaka kaka aendelee kukiongoza kijiji kama zamani, naye amejibu kwa heshima kwamba wapo vijana wenye sauti.

Jumanne, 21 Oktoba. Mvua ya asubuhi, kisha mvuke.

Leo nilikwenda. Peke yangu, bila fundi, bila Welter, bila kitu mkononi. Naandika hili ili ijulikane kwamba nilikwenda.

Nilisimamisha gari kwenye daraja dogo, ambapo panaonekana kaburi la mama. Dahker alikuwa pale amepiga magoti. Alikuwa anajaza shimo. Alibeba udongo kwa viganja, akaushindilia, akabeba tena. Jembe lilikuwa limelala kando yake na hakuligusa.

Palikuwa karibu. Ningemwita angesikia. Nilifungua mlango wa gari, nikatoa mguu mmoja. Nikafikiria nitakaa wapi, chini kwenye udongo au nisimame, na nikisimama nitaonekana kama ninamkagua. Nikafikiria mikono yangu mitupu. Seneta mzima! Mtu akipita atasema nini?

Nikarudisha mguu ndani. Akainua kichwa aliposikia gari linageuka. Nilimwona kwenye kioo, ameinuka nusu, mkono mmoja umeshika goti. Alibaki hivyo mpaka kona.

Jumatano, 22 Oktoba. Wingu dogo upande wa milima. Vinginevyo kweupe.

Nimepata njia!

Chifu mkuu atampandisha Dahker cheo. Nitakwenda mwenyewe kumwombea, na nina maneno mazuri: utumishi wa miaka mingi, subira katika siku za taabu. Mtu akipewa cheo hawezi kukikataa. Lazima afanye karamu, na kwenye karamu lazima amketishe karibu yule aliyemwombea na kumshukuru kwa kinywa chake. Mimi! Tutaketi bega kwa bega kuanzia adhuhuri mpaka jioni. Atasema neno tu, hata asipotaka.

Nimeshazungumza na fundi wa redio. Yuko huru Jumamosi ijayo. Nimemwagiza Welter atafute nguruwe, mkubwa kuliko wote, na safari hii nimemwambia aulize kwanza ni wa nani. Nimejifunza.

Wifi Klarihna nilimweleza kwa simu.  Akasema kaka yangu yuko pale mlangoni, anasuka kamba, kama nataka kuzungumza naye. Nikamwambia hapana, nisimharibie furaha ya ghafla.

Nilipanda kitandani mapema. Usingizi haukuja. Nikaamka kuandika hotuba ya karamu, nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu kila nilipofika kwenye "kaka yangu mpendwa" niliona viganja vyenye udongo. Mwishowe nikaliondoa hilo neno, hotuba ikaenda vizuri. Sasa ni saa tisa na robo usiku, nazima taa.