Utepe wa Trekta ya Lambwe

"Wananchi wa Lambwe, maendeleo yamewasili na yameegeshwa chini ya hema."

Hivyo ndivyo nilivyotangaza kwa kipaza sauti, mimi Nicodemus, katibu wa Kamati ya Uzinduzi wa Trekta. Nikaitaja sifa moja moja. Nguvu za farasi sabini na tano. Gia nane za mbele, mbili za nyuma. Magurudumu yote manne yanavuta, mikono ya nyuma inainua plau yenyewe, na dereva ana kivuli. Kilichobaki ni Mheshimiwa kuja kukata utepe. Aliagiza kwamba kabla ya hapo isiguswe.

Mvua ikafika kabla yake. Jerusha, au Mama Byron, mjane ambaye shamba lake linapakana na hema letu, akaja na debe la mbegu.

"Katibu, nilimieni saa hii. Tukingoja, shamba itakuwa tope, na mwaka huu watoto watalala njaa."

"Mama Byron, trekta ambayo haijazinduliwa, kiutaratibu haipo."

"Haipo? Na hii nimeegemea ni nini?"

Nilimwomba asiegemee rangi. Lakini kamati ina utu. Nilimweka wa kwanza kwenye foleni, tukapitisha kwamba baada ya uzinduzi hakuna kuruka foleni, awe nani. Mheshimiwa alitusifu kwa simu. Alisema hiyo ndiyo haki anayoipigania kila siku.

Siku ya uzinduzi gari lake likazama kwenye udongo mweusi, hatua chache kutoka hemani. Akashusha kioo.

"Leteni trekta inivute."

"Haijazinduliwa, Mheshimiwa. Tutakuwa tumekaidi agizo lako."

Alinitusi mpaka nikamwonea huruma. Nikakimbia na utepe, nikaunyoosha dirishani, naye akaukata bila hotuba. Iliniuma, kwa sababu hotuba niliiandika mimi.

Bravin, dereva wetu, akawasha. Trekta ikanguruma, ikampita Mheshimiwa, ikashusha plau kwa Jerusha.

"Wewe katibu, inaenda wapi?"

"Inafuata foleni, Mheshimiwa. Ile haki yako."

Hata na tope lile, udongo ulikuwa unapinduka vizuri sana. Jerusha, debe kichwani, akainama kidogo kwenye dirisha la gari.

"Karibu Lambwe, Mheshimiwa. Foleni uko nyuma yetu sisi wote. Unataka kulimiwa ekari ngapi?"