Mulamula Wangu na Mti wa Serikali

Jumatatu, 7 Oktoba

Wakwe watarajiwa wanakuja mwisho wa mwezi kumposa binti yangu Joanitha. Ndizi za pombe ninazo tele. Lakini lubisi, pombe yetu ya ndizi, itakamuliwa wapi bila obwato, ule mtumbwi wa kukanyagia ndizi? Mtaa wetu mzima hapa Rubwera anao mtu mmoja: jirani yangu Telesfori. Niliuazima kwake siku ya kipaimara cha kijana wetu. Akakaa kiti cha mbele, akamweleza kila mgeni mtumbwi ni wa nani. Padri akampongeza! Mimi mwenye sherehe sikupongezwa na mtu.

Siazimi tena. Mbele ya nyumba yangu, upande wa kwa Telesfori, kuna mti wa musizi mnene, umenyooka. Ndani ya lile gogo umelala obwato wangu. Shida ni namba nyekundu aliyoipaka Bwana Egbert, afisa mazingira. Sheria ndogo ya mji: mti wa kando ya barabara ni wa umma. Kuukata, kosa. Kuubambua gome, kosa. Hata kuupigilia msumari, kosa! Siku sheria inasomwa mkutanoni nilipiga makofi. Kulikuwa na soda.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata akili! Kwetu alama ya mpaka ni mmea wa mulamula. Ukishaupanda umeamua kesi, hakuna wa kubisha. Mulamula wangu ukisimama ng'ambo ya musizi, musizi ni wa nani? Wangu!

Nimekata vipande, nimevichomeka alfajiri, safi kabisa. Mke wangu Prudensia akauliza ninafanya nini. Nikasema nasafisha mpaka. Akasema hajawahi kuona mpaka unaotembea. Wanawake hawaoni mbali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mambo yananyooka. Nimewatangazia bodaboda wote kwamba musizi ni wa marehemu babu. Nimemwambia na Telesfori. Nilitegemea ugomvi. Wapi! Akautazama mulamula weee, kisha akasema mulamula hausemi uongo. Kumbe ana adabu.

Nimekwenda hadi ofisini kwa Bwana Egbert kumwomba afute namba yake kwenye mti wangu. Amesema atakuja kuona. Fundi wa kuchonga nimeshampa ahadi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mawe, mama yangu! Upepo wa jana jioni! Tawi kubwa la musizi limeangukia jiko la Telesfori. Mabati yamekunjamana kama majani ya mgomba. Tunamshukuru Mungu, ndani hapakuwa na mtu.

Watu wakajaa. Mimi nikawa wa kwanza kupaza sauti. Nikasema huu ni uzembe wa serikali, mti ni wao, waje watengeneze! Nilisema vizuri sana. Telesfori alinyoosha tu kidole kwenye mulamula.

Bwana Egbert akafika, akaeleza taratibu. Mti wa umma ukiharibu mali, mji unashughulikia. Mti wa mtu, mwenyewe anashughulikia. Haraka haraka nikasema jamani, huo mulamula si wa kuaminiwa, ni wa juzi tu. Akaniuliza nimejuaje ni wa juzi.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikisema nimeupanda mimi, nimevamia eneo la barabara. Nikinyamaza, mti ni wangu. Nikanyamaza.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada nikamfuata Telesfori. Nikamwambia taratibu kwamba nafikiria kuung'oa mulamula. Akashtuka. Akaniambia, Ta Nestory, mulamula haung'olewi hivi hivi, lazima wazee wa ukoo wakae. Na wazee hawakai bila lubisi. Na lubisi haitoki bila obwato. Alinitajia hayo yote kwa upole, mshenzi yule.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimebandua mabati ya jiko letu, nimeyapigilia jikoni kwa Telesfori. Prudensia anapika chini ya majani ya mgomba. Mvua inanyesha ndani ya sufuria. Haongei na mimi. Anaongea na sufuria, kwa sauti ya kunifikia.

Nikamwendea Bwana Egbert. Basi, mti si wangu? Niukate! Akasema hata mti wa kwako unahitaji kibali, na kibali hicho sitapewa. Ila kwa kuwa ni wangu, nipunguze matawi yaliyobaki kabla hayajamwangukia mtu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeshinda juu ya mti mchana kutwa, nikisalimiwa na kila anayepita.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeazima obwato. Telesfori ametoa bila kinyongo, kwa sharti moja: siku ya posa msemaji wa upande wetu awe yeye. Nimekubali. Joanitha amefurahi kupita kiasi, eti afadhali yeye kuliko baba. Mtoto niliyemzaa! Imeniuma.

Nimekaa jikoni chini ya majani yangu, nimetubu kweli. Nimemwahidi Prudensia kwamba mambo ya mipaka basi. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Lakini nimefikiri. Kosa langu nimeliona. Mulamula haung'olewi, sawa. Kuna mzee yeyote aliyesema mwingine haupandwi? Nikichomeka mstari wa pili upande wa huku kwangu, musizi unahamia kwa Telesfori, na matawi yake yote, na Bwana Egbert wake. Prudensia anasema mstari huo utaacha na choo chetu kwa Telesfori. Hilo ni dogo. Tutakuwa tunabisha hodi.

Vipande nimeshavikata. Kesho alfajiri.