Suruali ya Masaa Mawili

Suruali ya tapeli aliyeitwa Mdomo ilipasuka makalioni mchana kweupe, sokoni, mbele za watu. Lakini mtu mwenye ulimi kama wake hakosi riziki hata ndani ya aibu. Alikimbilia kwa fundi cherehani, akavua, akapewa shuka ajifunge, akaketi nyuma ya pazia. Huko akasikia maneno matamu.

"Mama, nakumbusha mshahara wangu," alisema fundi, binti wa sauti ndogo. "Dada ni mjamzito, damu imepungua. Nesi kasema leo nimnunulie vidonge vya chuma na vya kalsiamu."

"Viwili vya nini? Si anunuliwe kimoja?" akafoka mama mwenye duka.

"Anavihitaji vyote, ila asivimeze pamoja. Kalsiamu inazuia chuma kuingia mwilini. Aviachanishe masaa mawili."

Masaa mawili! Mdomo akachekea tumboni. Kwa masaa mawili yeye huwa ameshafika mji mwingine.

Akatokea, shuka kiunoni, mkebe wake wa kutapelia mkononi, uso mzito kama wa hakimu. Ndani ya mkebe kulikuwa na peremende zilizolambwa rangi hadi zikafanana na vidonge.

"Shikamoo mama. Mimi ni daktari wa madini. Binti amesema kweli tupu."

"Marahaba. Hayo madini yanasaidia ngozi?"

"Ngozi? Wiki mbili tu, watu watakuuliza mama yako yuko wapi."

Mama akashika shavu.

"Huu mkebe ni wa vidonge vya chuma," akaendelea Mdomo. "Wa kalsiamu siwezi kuubeba pamoja nao, vitagombana njiani. Lipia yote, baada ya masaa mawili naleta wa pili."

Droo ikafunguka. Zikatoka noti zote, na mshahara wa binti ndani yake. "Dada yako tutamgawia humuhumu," alisema mama. Mdomo akazifundika noti kwenye fundo la shuka.

Binti akauchungulia mkebe. Kisha akauliza, macho chini, "Daktari, chuma dada anywee nini?"

"Chai ya maziwa. Nzito, ya moto."

Na nesi alikuwa amekataza hasa hiyo: chai inazuia chuma, maziwa yanazuia chuma, anywee maji au juisi ya chungwa. Binti hakubisha. Alirudi kwenye cherehani yake, akachukua kiwembe cha kufumulia.

"Suruali yangu tayari?" Mdomo aliuliza baada ya muda.

Akaletewa mguu mmoja, umepigwa pasi safi.

"Na mwingine?"

"Baada ya masaa mawili, daktari. Ikikaa pamoja itagombana."

"We binti, una wazimu?"

"Hutakaa mpweke. Nimempigia nesi simu, yuko njiani. Anataka kujifunza kwako."

Mdomo akautazama mlango na soko lililojaa nje. Akautazama mguu wa suruali. Akafungua fundo.

Noti zikaanguka. Shuka nalo likazifuata.

Binti akageukia ukutani kwa heshima zote, akanyoosha mkono nyuma kupokea mshahara wake.