Mbegu za Mfenesi wa Baba

Jumatatu, 3 Juni
Mfenesi wa marehemu baba umeangushwa na upepo. Limesalimika fenesi moja tu, limeiva mpaka limepasuka. Mama kashika tama. Anataka mche mmoja, auone umesimama kaburini kwa baba kabla naye hajamfuata. Wote wakanigeukia. Nani mwingine? Karani wa stoo ya mbegu za misitu ni mimi! Shemeji, mume wa dada, seremala, akadakia ati mbegu tuzifukie kwenye maranda yake mabichi zisikauke, na tuzipande wiki hii hii. Maranda! Nikamwambia arudi kwenye viti vyake.

Alhamisi, 6 Juni
Nimezianika juu ya bati, kama tunavyofanya kazini kwa mbegu za migunga. Zimenywea vizuri. Dada kauliza mbona zimekunjamana. Nikamjibu huo ndio utaalamu. Kesho naziingiza kwenye friji ya ofisini, nyuma ya maji ya bosi. Zitapandwa siku ukoo mzima utakapokuja kujengea kaburi. Nitatoa na hotuba. Shemeji atakoma!

Ijumaa, 28 Juni
Bosi kazifuma. Kasema mbegu ya mgunga hulala kavu miaka na miaka, lakini ya fenesi ikikauka imekufa, na baridi ndiyo huimalizia. Nikamshukuru kwa maoni yake. Ukoo umeahirisha safari. Mama kachoka kungoja, nimempa azipande kwenye makopo.

Jumapili, 21 Julai
Kimya. Kila asubuhi mama anamwagilia makopo, anayasalimia kwa jina la baba. Leo nimefukua moja kwa siri. Uozo mtupu! Nikafukia haraka. Nimeshindwa kumwambia. Moyo umeniuma, sifichi. Shemeji kaniona, akaniletea maji ninawe mikono. Heri angenitukana.

Jumatano, 24 Julai
Maajabu! Jalalani, pale tulipotupa maganda na makapi ya fenesi, umechomoza mche! Majani mawili, mabichi kabisa. Mmoja tu, nimetafuta kote. Na nimeuona mimi, si seremala! Mama kajipumzisha, sijamwamsha. Kwanza nimeung'oa, nikausafisha mizizi ule uchafu wote, nikaulaza juu ya bati. Jua ni kali, namshukuru Mungu. Akiamka ataukuta safi, mkavu, tayari kutunzwa mpaka siku ya hotuba.