Mpima Kumbukumbu na Jina la Bibi

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena tai ikiwa shingoni. Nawaandikia kwa kompyuta ya hoteli hapa Diani, kabla hamjaisikia kwa wambea.

Mnajua nimeajiriwa kwenye ule utafiti wa ugonjwa wa kusahau, unaofanywa nchi nyingi kwa pamoja. Leo tuliwaita wazee tunaowahoji Msambweni waseme maswali yetu yarekebishwe wapi. Na Profesa wetu, mama wa Kizungu, alikuwa amteue msimamizi wa Kwale. (Msimamizi ni mimi, nani mwingine? Nilishamwandikia mama kule Kitui.)

Nikasimama. "Wazee wetu, kumbukumbu hupimwa kitaalamu," nikasema kwa madaha. (Mtaalamu! Mwaka jana nilikuwa nabeba mabegi ya watalii.)

Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, umetuuliza mwezi, mwaka, hata mia utoe saba. Leo tumeambiwa tuseme sisi. Naomba ruhusa nikuulize matatu tu."

Profesa akafurahi mno. "Muulize, Bibi!"

"Kwangu umekuja mara ngapi?"

"Tatu!"

Makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

"Nilikupa nini ukala?"

"Muhogo wa nazi, Bibi. Mtamu!"

"Alhamdulillahi. Basi mimi naitwa nani?"

Ala! Sura naijua. Mlango wake naujua. Hata mbuzi wake namjua. Jina? Kwenye fomu zetu hatuandiki majina, na mdomo wangu ukaniponza.

"Kumi na saba," nikasema.

"Nani?"

"Mshiriki nambari kumi na saba."

Ukumbi mzima ulicheka mpaka kofia zikaanguka. Bibi peke yake hakucheka. Alinihurumia, na hilo ndilo lililoniua. "Maskini, na bado kijana. Profesa, huyu naye mtibuni."

Hamisi, dereva wetu, akaitikia kutoka mlangoni: "Ni Bi Mwanasiti binti Omari. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba."

(Nani alimuuliza?)

"Maoni yangu ni hayo," akasema Bi Mwanasiti. "Anayetuuliza atujue kwanza. Nambari zenu ziwekeni makaratasini."

Profesa akaandika, akapiga mstari mara mbili. Maoni hayo yanatumwa kwa faksi nchi zote za utafiti, pamoja na mfano. Mfano ni mimi.

Msimamizi wa Kwale ni Hamisi.

Msicheke, nawaomba. Na ukitoka kwenda kupima kumbukumbu za watu, usisahau yako nyumbani.