Mume Bora kwa Barua Pepe

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Jarida la barua pepe. Mtu mmoja, kompyuta moja, wasomaji dunia nzima. Jina: Mume Bora. Ushauri wa kila siku kwa wanaume walioshindwa na ndoa. Nikamwambia mke wangu mhariri anahitaji ofisi, na chumba cha nyuma kina dirisha zuri, ila cherehani yake imekikalia. Akanikumbusha biashara yangu ya sungura. Akanikumbusha na ile ya sabuni. Nikasema yaliyopita si ndwele. Tumepatana: nikiwa na wasomaji mia Ijumaa jioni, chumba changu. Nisipofikisha, nisitamke neno biashara mpaka mwaka uishe. Cherehani imehamia koridoni. Ameisukuma yeye, mimi nilikuwa nimebeba kompyuta.

Jumanne, 4 Machi
Toleo la kwanza: mume bora huosha vyombo bila kuombwa. Limekwenda kwa ndugu, jamaa na kinyozi wetu, watu kumi na mmoja. Anwani zote nimeziacha wazi, waone wako na watu wa maana. Mara mke wangu akawajibu wote kwa mkupuo: sufuria za juzi bado ziko kwenye sinki, zinamsubiri mwandishi. Husuda hiyo!

Jumatano, 5 Machi
Wasomaji hamsini! Wanatumiana wenyewe. Kalamu yangu hiyo. Leo: mume bora huamka kabla ya jua. Mke akawajibu wote kwamba toleo limeandikwa saa nne asubuhi, kitandani, mwandishi akiulizia chai. Mama mkwe akaongeza kuwa hata harusini nilichelewa. Nikalalamika. Mke akasema msomaji ana haki ya kutoa maoni.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimeficha anwani zote. Mada: unyenyekevu wangu, kurasa tisa. Kimya. Nimeshinda! Alasiri zikaingia barua thelathini, swali moja: fundi cherehani kasema nini leo? Moja ya mama yangu mzazi. Iliniuma, sifichi. Nikaenda koridoni. Mke wangu anashona ameinama, kivuli chake mwenyewe kinaifunika sindano. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwomba kesho awajibu wote.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi, mia na kumi na wawili! Nimeziacha anwani wazi. Akawajibu: anaanzisha jarida lake, anayetaka ahamie. Mama yangu kahama wa kwanza. Jioni nimebaki na wawili: mama mkwe, anayenichunguza, na kinyozi, anayesema amesahau kujitoa. Cherehani imerudi chumbani. Safari hii nimeisukuma mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: ofisi. Dirisha moja halitoshi. Neno biashara silitamki, naliandika tu. Jarida jipya: Nilivyopata Wasomaji Mia kwa Siku Nne. Chumba cha mama mkwe kina madirisha mawili. Nimemwandikia kwa siri nikimsifu, na kumuuliza kama hajachoka kuishi peke yake kwenye chumba kikubwa hivyo. Anwani yake sikuhangaika kuitafuta, nimeijibu tu ile barua ya jana ya mke wangu kwa wasomaji wote.
Ajabu, wa kwanza kujibu ni kinyozi.